Kuzibua, Kuambua, Kudonoa: Istilahi za Kufungua Masega Korofi

Katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, wilayani Kibondo na Kasulu, ufugaji wa nyuki ni kazi ya jadi ambayo msamiati wake umekwisha kukomaa. Mtu hutundika mzinga, hufukiza nyuki, hurina asali, hukamua masega, huchuja, kisha huchemsha machicha ili apate nta. Maneno hayo yote yamo vinywani mwa watu, wala hayahitaji kamati ya kuyasanifu. Lakini tangu mizinga yenye fremu ianze kuonekana kando ya mizinga ya magogo na ya magome, imezuka hatua moja ambayo wazee hawakuwa nayo, na ambayo mpaka leo haina jina moja linalokubaliwa na wote. Ni hatua ile ya kuondoa utando wa nta uliofunika asali kwenye sega, ili asali ipate kutoka na sega libaki zima.

Makala haya yanakusudia kuyapima maneno yanayoshindana kuitaja kazi hiyo. Tutaonyesha kwamba linalohitajika si neno moja tu, bali neno la jumla pamoja na maneno ya chini yake, kwa sababu sega moja halifunguki kama jingine. Na kwamba neno likichaguliwa vibaya, hasara humwangukia mfugaji.

Yafaa kwanza tuieleze kazi yenyewe. Nyuki wakileta maji matamu ya maua mzingani hawayafuniki papo hapo. Huyahamisha kutoka kitundu hadi kitundu na kuyapepea kwa mabawa mpaka maji yapungue na asali iive. Asali iliyoiva aghalabu huwa na maji yasiyozidi asilimia 20, na kiwango hichohicho ndicho kilichowekwa na kanuni za kimataifa za vyakula ziitwazo Codex. Asali ikifikia hapo, nyuki huziba kila kitundu kwa nta nyembamba. Nta hiyo ndiyo tunayoiita kifuniko. Mfugaji mwenye fremu huondoa vifuniko vya pande zote mbili, hutia fremu ndani ya pipa lenye mashine ya kuzungusha, na mzunguko huirusha asali nje ya vitundu. Sega tupu hurudishwa mzingani, nao nyuki hulijaza tena.

Mrina asali wa jadi hakuwa na haja ya kufanya hivyo. Sega alilolitoa kwenye mzinga wa gogo alilikata, akaliminya au kuliponda pamoja na vifuniko vyake, akachuja. Hata mzinga wa miti ya juu, uliobuniwa nchini Kenya katika miaka ya 1970 na kuenea sana Tanzania, haukubadili jambo hilo, kwa kuwa sega lake huning'inia bila fremu, nalo hukatwa na kukamuliwa. Si ajabu basi kwamba lugha yetu haikuwa na neno. Wala tusidhani kwamba lugha za Ulaya zilikuwa nalo tangu zamani. Mzinga wa fremu zinazochomolewa ulipewa hataza nchini Marekani mwaka 1852, na mwenye kuubuni alikuwa L. L. Langstroth. Mashine ya kuzungusha masega ilibuniwa mwaka 1865 na Franz Hruschka, ofisa wa jeshi la Austria. Kabla ya hapo nani angejisumbua kuondoa vifuniko na kuliacha sega zima? Wajerumani waliunda neno lenye maana ya kuondoa vifuniko, na Wafaransa wakaunda lao kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kifuniko kidogo. Waingereza walisema kana kwamba vitundu vimevishwa kofia. Kila taifa lilichukua picha iliyokuwa karibu nalo, na sisi tuna haki ya kuchukua yetu.

Sasa tutazame hatari iliyopo. Neno lililo jepesi kuliko yote, ambalo bwana nyuki mwenye haraka hulitumia, ni kukata. Husema, “Kateni masega kabla ya kuyatia kwenye mashine.” Yeye anafikiri juu ya kisu kinachopita juu ya uso wa sega. Lakini kwa mfugaji wa Kibondo aliyelelewa na mizinga ya magome, kukata sega kuna maana moja tu: kulitenga sega na mahali liliposhikilia. Akilifuata agizo kwa utiifu, atalitoa sega zima ndani ya fremu, na mashine haitakuwa na kazi tena. Asali ya siku hiyo ataipata, kwa maana ataikamua kwa mikono kama alivyozoea. Atakachopoteza ni sega. Nyuki hutengeneza nta kwa kula asali, na makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kilo sita hadi nane za asali kwa kila kilo moja ya nta, wengine wakitaja zaidi. Kwa hiyo aliyekata masega yote ya fremu zake amewarudisha nyuki kwenye ujenzi wakati maua yamechanua, na sehemu ya mavuno yajayo imekwisha kuliwa kabla ya kuvunwa. Huyo hakukosa bidii wala akili. Alilielewa neno kama linavyoeleweka kwao.

Tukiacha kukata, yako maneno mengine yanayosikika. Tuyapime moja moja.

Kufunua ndilo ambalo sarufi ingelipendekeza kwanza, kwa kuwa kifuniko kimetokana na funika, na kinyume cha funika ni funua. Kasoro yake ni kwamba neno hilo limekwisha kuajiriwa mahali pale pale. Mzinga wa fremu una mfuniko wake wa mbao au wa bati, na mfugaji akisema amefunua mzinga huwa ameuinua mfuniko huo ili atazame ndani. Kufungua lina dosari hiyohiyo. Tutaandikaje kitabu cha mafunzo ambamo mwanafunzi anafunua mzinga, anatoa fremu, kisha anafunua tena? Zaidi ya hayo, kilichofunuliwa kinaweza kufunikwa tena kwa kifuniko kilekile, ilhali kifuniko cha nta kikiisha kuondolewa hakirudi.

Wako waandishi wanaosema masega “yaliyopigwa muhuri” na kazi ya “kuvunja muhuri”. Hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno, na inafaa ikataliwe bila kusita. Muhuri huthibitisha mamlaka ya aliyeupiga, na nyuki hawana ofisi. Tukiikubali njia hiyo, hatutakuwa na sababu ya kuikataa ile ya kofia, na tutaishia kumwambia mkulima wa Kasulu avue masega yake kofia.

Kutumbua lina sifa nzuri. Latumika kwa kitu chenye ngozi nyembamba na majimaji ndani, nalo laonyesha wazi kwamba kilichomo kitatoka. Ila mtu hutumbua jipu, na hatudhani kwamba mnunuzi wa asali angefurahi kukumbushwa usaha. Tena tangu mwishoni mwa mwaka 2015, wakati Rais John Magufuli alipolitumia kwa kuwafukuza watumishi wabovu, neno hilo limepata kazi ya kisiasa ambayo haitasahauliwa upesi.

Limebaki kuzibua. Nyuki wameziba, binadamu anazibua. Kauli hii ya kutengua ni miongoni mwa mali kubwa za sarufi ya Kibantu: bandika hutoa bandua, fumba hutoa fumbua, tega hutoa tegua, pakia hutoa pakua. Msikilizaji hahitaji kufundishwa maana, maana neno linajieleza lenyewe. Vilevile laonyesha kwamba kinachotolewa ni kizibo tu, na kwamba tundu lenyewe halikuguswa, jambo ambalo kukata halilionyeshi hata kidogo. Twajua pingamizi litakaloletwa, kwamba watu huzibua mitaro na mabomba, tena mitaani mtu huzibuliwa kofi. Ni kweli. Lakini mtu huzibua chupa ya dawa na sikio la mtoto pia, wala hapana anayeona kinyaa. Neno hupata heshima au fedheha kutokana na jirani yake, na hapa jirani yake ni asali.

Twapendekeza basi kuzibua masega liwe neno la jumla. Hata hivyo, kwa masega mazuri tu, neno la jumla lingetosha. Mfugaji mwenye sega lililonyooka, jeupe, jipya, lenye vifuniko vilivyoinuka juu ya mbao za fremu, hupitisha kisu mara moja kila upande na kazi ikaisha. Taabu ipo kwenye masega mengine, na hapo ndipo lugha inapoitwa kusaidia.

Masega hayo tuyaite nini? Wengi husema masega magumu. Sifa hiyo ina utata, kwa kuwa sega gumu laweza kuwa lile ambalo nta yake imekakamaa, na sega laini kabisa laweza kumshinda mtu kulizibua kuliko lililokakamaa. Sisi tunaona sega korofi linafaa zaidi. Ukorofi si wa nta, bali ni wa tabia ya sega mbele ya kisu.

Ukorofi wa kwanza ni wa vifuniko vilivyobonyea. Baadhi ya nyuki huacha nafasi ndogo ya hewa kati ya asali na kifuniko, na sega lao huonekana jeupe. Wengine huilaza nta moja kwa moja juu ya asali, na sega huonekana jeusijeusi kana kwamba limelowa maji. Tena huenda sega hilohilo likawa limejaa pande zote na kubonyea katikati, mithili ya sahani. Kisu kirefu kikipita juu ya mbao za fremu huambua kingo na kuliruka bonde. Vitabu vya kigeni huviita vifuniko hivyo vikavu na vinyevu. Tusifuate majina hayo. Kwa mrina asali wetu sega kavu ni lile lisilo na asali, na akiambiwa achague masega makavu ataleta yale yasiyofaa kitu. Tuseme vifuniko vilivyoinuka na vifuniko vilivyolala.

Ukorofi wa pili ni wa sega lisilo na uso mmoja. Fremu zikitiwa mzingani bila karatasi ya nta ya kuwaongoza nyuki, au zikipangwa kwa nafasi zisizolingana, nyuki hujenga wapendavyo: sega moja huvuka kwenda fremu ya pili, jingine hunenepa juu na kukonda chini. Nyuki wa Afrika ni wadogo kuliko wale wa Ulaya, na masega yao hukaribiana zaidi. Ndiyo sababu miti ya juu ya mizinga yetu hupasuliwa kwa upana wa milimita 32, si 35 kama ilivyo desturi ya Ulaya. Fundi seremala anayenakili kipimo cha kitabu cha kigeni hujikuta ameumba masega korofi kabla nyuki hawajaingia. Kwa upande mwingine, lipo jambo ambalo wafugaji stadi hulifanya kwa makusudi. Masega yakiisha kujengwa vizuri kwenye chemba ya asali, huondoa fremu moja na kuzitawanya zilizobaki, ili kila sega linenepe na kutokeza nje ya mbao zake. Sega la namna hiyo laitwa na wengine sega nene, na hatuoni sababu ya kulitafutia jina jingine. Ndilo lililo rahisi kuliko yote kwa kisu.

Ukorofi wa tatu ni wa sega kuukuu. Sega ambalo majana wamelelewa ndani yake kizazi baada ya kizazi huwa jeusi, na kuta za vitundu vyake hufunikwa na maganda membamba walimokulia. Kisu hakikati hapo bali huburura. Majana, tukumbushe, ni mayai, viluwiluwi na watoto wa nyuki kwa jumla. Ni neno la wafugaji wenyewe ambalo latosha kabisa, na wanaoandika “nyuki wachanga” hawatofautishi jana aliye ndani ya kitundu na nyuki mdogo aliyekwisha kutoka. Sega kuukuu ndilo pekee ambalo kwa maoni yetu neno kukata lingelifaa: likatwe kweli, liyeyushwe, nyuki wajengewe mwanzo mpya.

Tena kuna baridi. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye mwinuko wa mita 770 hivi, ilhali miji ya Kasulu na Kibondo imeinuka kupita mita 1,200. Mavuno yakiangukia Juni au Julai, fremu iliyolala usiku mmoja ghalani huwa na asali nzito isiyotaka kutoka na vifuniko vinavyovunjika vipande vipande badala ya kuambuka. Asali iliyoanza kuganda ndani ya vitundu ni mbaya zaidi, maana hata ikizibuliwa, mashine haitaitoa. Dawa ni kuzibua siku ileile, fremu zingali na joto la mzinga, na kuzitunza ndani ya chumba kilichofungwa, ambamo nyuki wanaotafuta asali yao hawaingii.

Kwa kuwa ukorofi una namna nyingi, mikono nayo hufanya mambo mengi, na chini ya kuzibua twahitaji maneno mahususi.

La kwanza ni kuambua. Neno hili kila mrina asali wa miombo analijua, kwa sababu mzinga wa gome hupatikana kwa kuambua gome la mti mzima mzima, na mti wenyewe mara nyingi hufa. Ni ajabu kidogo kwamba neno lililohusika na kifo cha mti laweza sasa kutumika kwa kazi inayoliokoa sega, lakini picha ni ileile: ganda lililoshikamana na mwili latoka kwa vipande vipana. Kuambua ni kazi ya kisu. Fremu husimamishwa wima, ikainamishwa kidogo kumwelekea mwambuaji, ili ganda la nta linapoachana na sega lianguke lenyewe wala lisilirudie. Kisu hutiwa katika maji ya moto, kikafutwa kwa kitambaa kikavu kila mara, kwa sababu tone la maji litakaloingia kwenye asali litabaki humo. Kisha hupitishwa kwa mwendo wa msumeno, mbao za fremu zikiwa ndizo kiongozi. Kisu kisichemshwe hadi nta ifuke moshi. Kitababua asali, na harufu ya kuungua haichujiki.

La pili ni kudonoa. Pale kisu kiliporuka bonde, mfugaji huchukua uma wenye meno mengi membamba. Wengine hutumia gurudumu dogo lenye miiba, ambalo huviringishwa juu ya sega na kutoboa kila kifuniko. Hiyo ndiyo kazi ya kudonoa, kama kuku adonoavyo punje. Ni ya haraka, nayo yafaa sana kwa vifuniko vilivyolala, ingawa nta haiondoki. Hubaki vipande vidogo vitakavyoziba kichujio baadaye.

Lakini uma wenyewe haukutengenezwa kwa kudonoa. Matumizi yake yaliyo bora ni kuyaingiza meno chini ya vifuniko, sambamba na uso wa sega, kisha kuinua. Kwa kitendo hicho twapendekeza kubandua, neno ambalo kila mpishi analielewa. Mtu abanduaye huanzia pembeni, na habonyezi kwenda ndani. Kinyume chake ni kuchokonoa, na neno hilo tunalitaka liingie kwenye vitabu vya mafunzo kama jina la kosa. Anayechokonoa hulichoma sega mpaka ukuta wa kati unaotenganisha vitundu vya upande huu na vya upande ule. Ukuta ukitoboka, sega hupasuka ndani ya mashine, hasa likiwa jipya na halina nyaya za kulishikilia, na mfugaji hufungua pipa akakuta uji wa nta na asali. Kukwangua ni kosa la jirani yake. Vifuniko huondoka kweli, lakini pamoja na midomo ya vitundu, na nyuki hulazimika kuirudishia.

Msomaji ataona kwamba maneno yote tuliyoyataja ni ya Kiswahili cha kila siku. Desturi inayojulikana katika kuunda istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, halafu katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo tuvuke kwenda mbali. Kwa njia hiyo tumepata ikulu kutoka Unyamwezini, ng'atuka kutoka kwa Wazanaki, na bunge, ambalo wanaisimu wengi hulihesabu kuwa ni neno la Kiha. Lugha ya Waha wa Kasulu na Kibondo basi imekwisha kuipa nchi jina la chombo chake cha kutunga sheria. Kwa kazi ya kuzibua hatukuona haja ya kuazima, kwa kuwa kazi hiyo ni ngeni kwa Kiha kama ilivyo ngeni kwa Kiswahili. Bali kwa majina ya masega yenyewe, jambo ni jingine. Mtu aliyerina asali miaka arobaini katika misitu ya Makere au kandokando ya Moyowosi hawezi kukosa majina ya sega changa, sega lililovuka na sega kuukuu. Hayo ni ya kukusanywa kwa wenyewe, si ya kutungiwa mezani Dar es Salaam, na yakusanywe wakati wazee wa mizinga ya magome wangali hai.

Kuna neno moja linalohusiana na vifuniko ambalo limeanza kuleta ugomvi sokoni, nalo ni asali mbichi. Kwa mrina asali, asali mbichi ni ile isiyoiva, yaani iliyotolewa kwenye vitundu ambavyo nyuki hawajaviziba. Ina maji mengi na huchachuka. Ndiyo maana mafundi hushauri fremu isitolewe mpaka angalau theluthi mbili ya sega, au hata robo tatu, iwe imezibwa. Lakini katika maduka ya mijini siku hizi asali mbichi husifiwa kwenye chupa kwa maana ya asali isiyopashwa moto, na huuzwa ghali zaidi. Neno lilelile lamfukuza mnunuzi kijijini na kumvuta mjini! Mfugaji wa Kibondo akiulizwa na mfanyabiashara kama ana asali mbichi, na akajibu kwa fahari kwamba hana hata tone, amejinyima soko kwa kusema kweli. Twashauri asali isiyoiva iitwe asali changa, na ile ya mijini iitwe kwa urefu wake, asali isiyopashwa moto. Mbichi liachwe lipumzike.

Juu ya mashine hatutakawia. Watu wamekwisha kuiita mashine ya kukamulia asali, ingawa haikamui chochote bali inazungusha na kurusha. Anayependa usahihi angeweza kudai izungushio au jina jingine la namna hiyo. Sisi hatudai. Mtu hukamua ng'ombe na hukamua nguo, vitendo visivyofanana, na neno halikupasuka. Kukamua lina nafasi ya kutosha kuipokea mashine hii pia. Fremu nalo liachwe kama lilivyo, kwa kuwa maseremala wa vijijini wanalijua kutokana na milango na madirisha, na kiunzi, ambalo baadhi wamelipendekeza, laleta mezani merikebu isiyohitajika.

Vyombo vya kuzibulia vyapata majina yake bila taabu vitendo vikiisha kutajwa: kisu cha kuambulia, uma wa kubandulia, gurudumu la kudonolea. Chombo chenye wavu kinachopokea nta inayoanguka chaweza kuitwa sinia la vifuniko, au beseni la vifuniko pale ambapo kweli ni beseni, kama ilivyo mara nyingi.

Limebaki jina la hiyo nta inayoanguka. Wengi huiita machicha, na hapa hatuna budi kupinga. Machicha ni kile kinachobaki baada ya kitu kukamuliwa, kama ya nazi, nayo kwa mrina asali ni mchanganyiko wa masega yaliyopondwa, chavua, maganda ya majana na uchafu, ambao huchemshwa na kutoa nta nyeusi kiasi. Vifuniko vilivyoambuliwa ni kitu tofauti kabisa. Ni nta mpya ambayo haijapata kulelewa jana ndani yake, safi na nyeupe kuliko nta yote ya mzingani, nayo hupatikana kama kilo moja hadi mbili kwa kila kilo 100 za asali. Asali inayodondoka kutoka humo ikichujika kwa usiku mmoja ni asali kamili ya kuuzwa. Anayeiita machicha ataitupa chungu kimoja na machicha, na nta nyeupe itatoka imechafuliwa na nyeusi. Twapendekeza maganda ya nta, kwa kuwa kinachoambuliwa ni ganda. Maganda yatiwe chombo chake na yayeyushwe peke yake, na machicha yawe na chombo chake. Mnunuzi wa nta akikuta magunia mawili yaliyoandikwa maneno mawili tofauti, hatakuwa na sababu ya kuyalipia bei moja.